Sufu Nyeupe Katika Injini 6118

Bridgnorth, 9 Julai 1979

Bwana Hingley,

Anwani yako nimepewa na muuza samaki wa hapa sokoni, ambaye ni mwanachama wenu. Alisema wewe ndiye mtunza kumbukumbu wa pikipiki za Perrin, na kwamba ulikuwa mwandishi wa gazeti, kwa hiyo unajibu unachoulizwa na huongezi chumvi.

Tuna Perrin Mia Tano bandani, namba ya injini 6118. Ilikuwa ya marehemu kaka yangu, Colin, aliyeinunua mpya mwaka 1955. Imekaa chini ya turubai tangu mwaka huohuo. Sasa mwanawe, Stephen, ameifufua. Ameweka pistoni mpya na beringi mpya za krenki, na anataka kuipanda kwenye mkutano wenu wa tarehe 16 Septemba.

Juzi alifungua kile kifuniko kidogo kilicho ubavuni mwa injini akakuta kichujio cha sufu. Ni cheupe kama soksi ya mtoto mchanga. Je, ndivyo kinavyotakiwa kuwa?

Baba yangu, Wilf, aliyekuwa fundi wa Perrin, ana miaka themanini na moja. Hataki pikipiki iwashwe, na hasemi kwa nini. Stephen anasema ni uzee. Mimi ndiye ninayewapikia wote wawili, nami nimechoka kula katikati ya watu wasiosemezana. Nahitaji neno la mtu wa tatu.

Wako,
Maureen Garbett

*

Tipton, 16 Julai 1979

Bi Garbett,

Perrin za mwanzo zilichuja oili kwa wavu wa waya uliokuwa ndani ya tangi, basi. Wavu ule huzuia changarawe. Vumbi la chuma hupita. Mwaka 1955 kiwanda kilianza kusubu, kwa madini ya kuyeyushwa, kasha jipya la injini, lenye chemba ubavuni, na ndani ya chemba kikawekwa kichujio cha sufu iliyoshindiliwa. Chama chetu kinahesabu badiliko hilo kuanzia injini 6000. Yako ni 6118. Kwa hiyo kichujio ni haki yake.

Kuwa cheupe maana yake hakikufanya kazi muda mrefu. Hata hivyo sufu huoza ikikaa. Naambatanisha kipya. Badilisheni, mjaze oili mpya, na kijana aende zake.

Kuhusu mzee, wazee wote wa Perrin ninaowafahamu hawapendi vijana waguse kitu. Ni maradhi ya kazi ile.

Raymond Hingley
Mtunza kumbukumbu

*

Bridgnorth, 23 Julai 1979

Bwana Hingley,

Barua yako niliisoma mezani, wakati wa chakula cha jioni. Stephen akamtazama babu yake akasema, haya Babu, mtaalamu kashasema. Baba aliweka kisu chini, akaiacha pai yake nusu, akatoka kwenda bustanini kwenye liki zake, vile vitunguu vya majani. Kwa Baba, kuacha pai ni jambo zito.

Jumamosi Stephen aliweka kichujio ulicholeta akaipiga teke pikipiki. Iliwaka mara ya tatu. Nilikuwa jikoni, na sauti ile nilikuwa sijaisikia tangu nikiwa msichana. Nilipotoka, Baba alikuwa amefika kutoka bustanini akiwa na ndara zake za nyumbani. Alishika waya wa plagi kwa mkono mtupu akaung'oa. Umeme ulimrusha mkono mpaka begani. Injini ikafa, naye bado anasema, "Zima."

"Umeshaizima wewe, Babu," Stephen akamwambia.

"Basi ibaki hivyo."

Sasa nikueleze nilichokuficha. Sikutaka rambirambi, nilitaka jibu la injini. Colin alikufa juu ya pikipiki hiyo, Novemba 1955, asubuhi ya baridi kali, kwenye barabara ya Kidderminster. Injini ilishika, ikakwama isizunguke, akiwa kwenye mwendo, gurudumu la nyuma likajifunga, akarushwa ukutani. Krenki ilikutwa kavu ilhali tangi lilikuwa limejaa oili. Mhandisi wa kampuni ya Perrin aliiambia mahakama ya uchunguzi kwamba Colin hakuwa akibadilisha oili, na uchafu ukaziba njia zake. Ikaandikwa uzembe wa mpanda pikipiki. Stephen alikuwa bado tumboni mwa mama yake. Amekua akijua kwamba baba yake alijiua kwa uvivu.

Baba alikuwa fundi wa Perrin miaka thelathini, upande wa giaboksi. Kuhusu siku ile hajawahi kusema kitu nyumbani humu.

Wewe uliandika kwa uhakika mkubwa. Ulijuaje? Nataka kujua kama kaka yangu alikuwa mzembe, na kama Stephen anakwenda kukaa juu ya kitu kilekile.

Maureen Garbett

*

Tipton, 6 Agosti 1979

Bi Garbett,

Nafuta ushauri wangu wa tarehe 16 Julai. Pikipiki isiwashwe.

Umeuliza nilijuaje. Namba 6000 niliirithi kwa mtunza kumbukumbu aliyenitangulia, naye aliitoa kwenye kijitabu cha mauzo. Kijitabu cha mauzo husema kiwanda kilichokusudia. Sikuwahi kufungua injini kuhakikisha. Wiki hizi mbili nimefungua.

Kuna jambo lililonisumbua katika barua yako. Kama uchafu ndio ulioziba njia za oili, sufu ingekuwa nyeusi, kwa sababu uchafu hupitia hapo kwanza. Yenu ilikuwa nyeupe. Yaani oili haikuipita kabisa, au iliipita kidogo sana.

Oili ikiwa baridi huwa nzito kama asali, na sufu haiipitishi. Kwa hiyo chemba iliyokamilika ina tundu jembamba pembeni, lililozibwa na gololi ndogo yenye springi. Oili ikikwama, huisukuma gololi, ikapita kando ya kichujio na kufika kwenye krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni. Injini ikipata moto, mambo hurudi kawaida. Bila tundu hilo, kichujio ni kizibo.

Nimetazama injini tatu. Ya Dudley, namba 6040, ina chemba, haina tundu, haina kichujio. Mwenyewe amekuwa akimlaumu mbwa wake kwamba alikila. Ya Hereford, 6203, ina vyote. Ya Worcester, 6095, ina vyote pia, ingawa iko nyuma ya yenu kwa namba. Namba peke yake, basi, haitoshi.

Fungueni kifuniko. Toeni sufu. Chukua sindano nyembamba ya kufumia, uipitishe kwenye ukuta wa chemba, upande wa pampu ya oili. Ikikuta kitu kinachorudi nyuma kama kitufe, ni gololi. Ikigonga chuma kitupu pande zote, niandikie siku hiyohiyo.

Halafu nijulishe: ile sufu nyeupe aliiweka nani?

R. Hingley

*

Bridgnorth, 13 Agosti 1979

Bwana Hingley,

Nimepitisha sindano. Chuma kitupu pande zote.

Baba ndiye aliyenishikia tochi. Sikumwomba. Alitoka nyumbani, akaichukua mkononi mwa Stephen, akaniangazia mahali hasa pa kugusa. Nilipomaliza akauliza, "Hamna?" Nikamwambia hamna. Akanirudishia tochi akaenda kulala, na jua bado liko juu.

Stephen amekaa kwenye ndoo bandani karibu saa nzima. Alifunga nati za kifuniko hicho mwenyewe, na kama si mkono wa Babu angekuwa ameshapanda. Sasa amekuwa mpole mno, hata namkumbuka alivyokuwa akinisumbua.

Uliuliza aliyeiweka sufu. Sijamuuliza mtu. Kiwanda ndicho kilichoiweka, sivyo? Pikipiki ilitoka dukani mpya. Niambie ni kiwanda.

Maureen

*

Tipton, 27 Agosti 1979

Bi Garbett,

Nimechelewa kwa sababu nilitaka kusikia kwa aliyekuwepo. Nimempata Bibi Ada Rudge, aliyekuwa kwenye mashine za keekee pale Perrin, sasa yuko Bilston kwa bintiye. Nimelinganisha maneno yake na injini nyingine mbili. Yanakubaliana.

Kasha jipya lilianza kuletwa na wasubu majira ya kuchipua 1955. Lilikuja na chemba yake. Lakini kifaa cha kuongozea keekee, cha kutobolea tundu la gololi, kilikuwa bado hakijatengenezwa. Kiwanda hakikusimamisha kazi. Kiliunga injini zenye chemba tupu, kikafunga vifuniko, na oili ikapita humo bila kuchujwa, kama zamani. Kifaa kilifika wakati wa zile wiki mbili za likizo ya kiangazi, karakana zote zikiwa zimefungwa. Kazi iliporudi Agosti, tundu likaanza kutobolewa, na sufu zikaanza kutolewa stoo. Hakuna namba iliyotengwa. Makasha ya zamani na mapya yalikaa kwenye rundo moja, na yale ya kwenda Australia yaliwekwa kando yakachanganyika baadaye. Ndiyo maana 6095 ina tundu na 6118 haina.

Nilimuuliza Bibi Rudge kwa nini hawakuwaambia mafundi wengine. Alinicheka. Alisema, "We mtoto wa mama, pale mtu wa giaboksi akivuka mstari kuja kwetu, anaulizwa amepoteza nini." Kila karakana ililipwa kwa kazi yake na ililinda siri zake. Waliojua kwamba chemba tupu ni tupu kwa makusudi walikuwa watu wa injini tu.

Ya Colin iliungwa Juni. Kiwanda hakikuweka sufu ndani yake. Iliwekwa baada ya Agosti, na mtu aliyeweza kuipata. Ukifungua chemba ile bila kujua, unaona kitu kimoja tu: mwenzako kasahau kuweka kichujio. Fundi mzembe angefunga kifuniko akaendelea na safari yake. Fundi mwangalifu angekwenda stoo.

Majira ya joto oili ingepita kidogokidogo. Asubuhi ya baridi haikupita.

Nadhani unajua ninachokuambia.

R. Hingley

*

Bridgnorth, 3 Septemba 1979

Bwana Hingley,

Ninajua. Nadhani nilijua tangu aliponiangazia tochi.

Nina ombi moja. Chama chenu hutoa cheti cha historia ya pikipiki, chenye muhuri. Niandikie kwamba sufu iliwekwa kiwandani. Mstari mmoja tu. Perrin ilishafungwa, mhandisi yule ameshakufa, hakuna atakayedhurika. Colin atakuwa ameondolewa uzembe, na Baba atasoma kwamba si yeye. Mtu wa miaka themanini na moja, mwenye moyo uliochoka, ambaye daktari humsikiliza kifua kisha anazungumza nami ukumbini.

Usiniandikie kuhusu ukweli. Mimi ndiye ninayemsikia akitembea juu ya dari yangu.

Maureen

*

Tipton, 7 Septemba 1979

Bi Garbett,

Siwezi.

Sababu ya kwanza haihusu baba yako. Kuna injini nyingine za aina ile, na wenyewe wanasoma vyeti vyetu. Nikiandika kwamba 6118 ilitoka kiwandani na sufu, mtu wa Dudley kesho ataiwekea yake, naye ni kijana kama Colin alivyokuwa.

Ya pili: baba yako ni fundi wa Perrin. Anajua alichokiweka kwa mkono wake. Cheti changu kitamwambia jambo moja tu, kwamba binti yake naye ameshajua, na ameamua kumdanganya.

Ninachoweza kuandika ni hiki, nacho kimethibitishwa: injini iliungwa bila tundu na bila kichujio, kiwanda hakikumwonya mtu yeyote nje ya karakana ya injini, oili ilikuwepo na ilikuwa safi, mpanda pikipiki hakuwa na kosa. Aliyeiweka sufu naweza kutomtaja. Kunyamaza nako kuna mpaka, lakini hapo nitaufikia kwa ajili yako.

Umsomee au usimsomee, ni juu yako. Mimi simjui.

R. Hingley

*

Bridgnorth, 17 Septemba 1979

Bwana Hingley,

Barua yako niliiweka chini ya kopo la majani ya chai na nikaikasirikia siku kadhaa. Jumatano Baba aliniuliza mwenyewe, yule bwana wa Tipton amesemaje. Nikamsomea. Ile ya likizo ya kiangazi kwanza, kisha hii ya mwisho. Stephen alikuwepo. Sikumtoa.

Nakuandikia alivyosema, maana wewe ni mtu wa kuandika watu walivyosema. Alimtazama Stephen, hakunitazama mimi.

"Baba yako aliniletea niiangalie kabla ya baridi. Nikakuta chemba tupu. Nikawatukana watu wa injini, wapumbavu wale, wamesahau. Nikaenda stoo, nikamwekea. Nilimwambia, sasa una injini safi, mwanangu. Alinishukuru."

Stephen akamuuliza lini alijua.

"Siku alipoletwa yule mhandisi. Alifungua krenki, akatazama, akafunga. Kile kifuniko hakukigusa. Nikasema moyoni, nitaona kama atakigusa. Hakukigusa, na mimi nikanyamaza. Sikuwa na hakika kwamba ni ile sufu. Sikutaka kuwa na hakika. Baba yako hakuwa mzembe, Stephen. Alikuwa akibadilisha oili kuliko mimi."

Stephen akasukuma kiti chake nyuma. Alinyanyuka, nikadhani anaondoka kabisa. Alikwenda kuweka birika jikoni. Alimletea Baba kikombe, akakaa kiti cha upande uleule wa meza, na walikunywa hivyo, hakuna aliyemsemesha mwenzake. Lakini hakikuwa kimya kile cha zamani. Katika hiki ningeweza kula.

Jana hakwenda kwenye mkutano wenu. Alisema hataki kusimama katikati ya watu wakimpongeza kwa kung'arisha tangi. Alitoa sufu yako, akafunga chemba tupu kama kiwanda kilivyokusudia, akaiwasha uani na kuiacha mpaka ipate moto. Baba alikaa kwenye kiti mlangoni. Kisha Stephen akapanda mpaka Kidderminster akarudi. Alipochelewa kidogo Baba aliomba koti lake, akalivaa, akabaki amekaa nalo. Tulimsikia kabla hatujamwona.

Sasa ujumbe. Baba anasema ile habari ya kutomtaja hataki. Anasema ukimficha yeye, watu watauliza ni nani, na mwishowe watarudi kwa Colin. Anataka iandikwe nani, na jina liingizwe kwenye kitabu cha chama, si kwenye cheti cha nyumbani tu. Amesema umwandikie yeye mwenyewe, asome kabla hujapiga muhuri. Nami nilikosea kukuomba vile. Hilo nalisema mara moja.

Maureen

*

Tipton, 24 Septemba 1979

Bwana Wilf Garbett,

Binti yako amenifikishia agizo lako. Hapa chini ni maneno yatakayoingia katika kumbukumbu za chama chini ya namba 6118. Yasome. Kama kuna lisilo sahihi, likate kwa kalamu na kunirudishia.

"Injini 6118. Iliungwa Juni 1955 katika kasha jipya, chemba ikiwa tupu, bila tundu la gololi. Kiwanda hakikutoa onyo. Vuli ya mwaka huo kichujio cha sufu kiliwekwa na W. Garbett, fundi wa Perrin, kwa nia ya kuikinga injini. Kwa kukosa tundu, oili baridi haikufika kwenye krenki. Injini ilishika Novemba 1955 na kumwua mwenyewe, Colin Garbett. Oili yake ilikuwa safi na ya kutosha. Hakuwa na kosa. Wenye injini za kundi hili wasiweke kichujio kabla ya kupima chemba kwa sindano."

Notisi kama hiyo, bila majina, imekwenda kwa wanachama wote wenye namba za karibu. Watatu wamekwisha kujibu kwamba chemba zao hazina tundu na zina sufu. Wameitoa.

Raymond Hingley

*

Bridgnorth, 28 Septemba 1979

Bwana Hingley,

Nimesoma mara mbili. Mambo ya injini yako sawa.

Mahali pamoja nimekata. Umeandika fundi wa Perrin. Andika baba yake.

W. Garbett